KUMBE NATI ILIKUWA UVUNGUNI!

Kuna kaka mmoja hapa mjini (jina kapuni) anatamba na baiskeli ya gia moja isiyoachia. Lile dude halina kupumzisha miguu: tairi la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, na kusimama ni kuzikaza kinyume. Breki ya mkono aliitoa, eti inaharibu muonekano.

Wiki iliyopita, mteremko wa Kimara, akakaza miguu, pedali zikarudi nyuma tupu! Gia ilikuwa imejifungua kwenye habu. Akajitupa mtaroni. Kufika home akamchana fundi wake mtandaoni, mzee wa watu akakosa wateja siku nne.

Juzi anafagia, uvunguni akakuta ile nati bapa inayozuia gia isifunguke. Akakumbuka. Siku gia inalia alitaka kuikaza mwenyewe. Nati hiyo hukazwa kushoto, yeye akapeleka kulia, ikamtoka mkononi, akadhani haina kazi.

Akaipeleka kwa fundi, kichwa chini. Mzee hakugomba. Akaikaza kushoto, akavuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikakaa sawa, akabana nati za ekseli kwa spana namba 15. Halafu akauliza, "Na breki ya mbele, mwanangu, tuweke?"

Ile posti mpaka leo hajaifuta. Wadau, mnasemaje?