Benchi la Jumanne

Katika mji mmoja ulio chini ya Mlima Elgon, mashariki ya Uganda, kuna benchi la mbao kwenye baraza ya kliniki, karibu na dirisha la kutolea dawa. Kila Jumanne, kabla jua halijapata nguvu za kuufukuza ubaridi ushukao mlimani, benchi hilo huwa limekwisha kujaa watu. Hawalingani kwa umri wala kwa cheo. Yuko mzee mmoja, askari mstaafu wa jeshi, aliyekatwa vidole viwili vya mguu wa kulia. Yuko mama wa Kiteso, mke wa koplo wa polisi, mwenye watoto watano na kicheko kisikikacho hadi langoni. Yuko binti wa miaka 19 ajifunzaye ushonaji. Kinachowaketisha pamoja ni jambo moja tu, ugonjwa wa kisukari. Na kinachowafanya wafike mapema kuliko walivyoagizwa ni mazungumzo.

Mtu apitaye barazani hudhani kwamba wanazungumza mambo ya soko. Mama hulalamika juu ya chai. "Jumamosi nilikwenda matangani," asema, "birika likaletwa limekwisha kutiwa sukari huko huko jikoni. Ukikataa, wanasema unaringa. Ukinywa, Jumanne Sista anakugombeza."

"Mimi huomba maji ya moto na majani matupu," Mzee humjibu. "Nawaambia ni amri ya daktari wa jeshi, na amri ya jeshi haijadiliwi."

Hapo kicheko hupanda. Kisha hutokea mabishano juu ya chakula. Mama alipata kuambiwa na jirani yake kwamba ugali wa ulezi ni dawa ya kisukari, hivyo akawa anajipakulia mlima mzima, na damu yake ilipopimwa sukari ikawa juu kuliko mwezi uliopita. Sista wa kliniki ndiye aliyeyamaliza mabishano hayo kwa kuchukua sahani tupu na kuigawanya kwa kidole. Nusu ya sahani, alisema, ni mboga: dodo, nakati, kabichi, hata malewa ya mlimani. Robo ni maharagwe, mukene, samaki au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya posho, matoke, muhogo, viazi vitamu au ulezi, kwa sababu vyote hivyo hugeuka sukari mwilini, hata kama ulimi hauonji utamu wake. Mama aliitazama sana ile robo.

"Sista," alisema, "hiyo robo yako ni ya sahani ya chai au ya sinia?"

Sajini wa polisi alikuja mara ya kwanza wakati wa mvua za mwanzo wa mwaka. Hakuvaa sare. Alishusha kofia hadi kwenye nyusi, akaketi mwisho kabisa wa benchi, na alipoulizwa hali alijibu kwamba yeye hakuwa mgonjwa, bali alikuja kumchukulia mama yake dawa. Watu wa benchi walimpa pole. Waliona kwamba aliitwa ndani na kukaa muda mrefu. Waliona pia kwamba alipotoka alikuwa amekibana kidole kwa pamba, kama atokavyo kila aliyechomwa ili apimwe damu. Hakuna aliyesema neno.

Sababu ya kuficha kwake haikuwa ngumu kuifahamu. Sajini alikuwa na miaka 41, na watoto wawili katika shule ya sekondari. Mshahara wake ndio uliolipa karo, na nyumba aliyolala na jamaa yake ilikuwa ya kambi. Aliwaza kwamba siku ambayo wakubwa wake wangejua ana ugonjwa usiopona, angeambiwa arudishe bunduki na afungashe mizigo. Hata mkewe hakumwambia. Vidonge alivificha ndani ya kiatu cha gwaride, chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo benchi likaanza kumtibu mama yake Sajini.

"Mama hajambo?" Mzee humwuliza kila Jumanne.

"Hajambo, Mzee."

"Mwambie aitazame miguu yake kila jioni, chini ya nyayo na katikati ya vidole. Ugonjwa huu huua hisia za miguu. Mimi nilitembea siku nzima na msumari ndani ya buti, nisijue. Nilipoona damu kwenye soksi, kidonda kilikuwa kimekwisha kuingia ndani, na baada ya majuma machache vidole viwili vikaenda. Na buti aikung'ute kabla ya kuivaa."

"Mama yangu havai buti, Mzee."

"Naam. Basi viatu vyake avikung'ute."

Binti naye alikuwa na neno lake kwa mama huyo, ingawa ugonjwa wake si sawa na wa wazee. Wao miili yao ingali ikitengeneza insulini, lakini ama haitoshi ama haifanyi kazi ipasavyo, na wengi wao husaidiwa na vidonge. Yeye kongosho lake limeacha kabisa kuitengeneza, basi humlazimu kujidunga sindano maisha yake yote. Kwao hakuna jokofu. Chupa yake huiweka ndani ya chungu kidogo kilichotumbukizwa katika chungu kikubwa, na kati yake mna mchanga anaoulowesha maji asubuhi na jioni. Maji yakikauka huondoka na joto, na ndani hubaki baridi. Ubaridi huo haufikii ule wa jokofu, lakini huikinga dawa isiharibiwe na joto la mchana. Chupa aliyokwisha kuifungua huiandikia tarehe, na baada ya majuma manne haitumii tena.

Siku moja binti huyo alifika amenuna. Alisema amechoka, sindano asubuhi, sindano jioni, hadi lini? Mama hakucheka siku hiyo. Sista alitoka, akaketi naye benchini kama mmoja wao, akamsimulia kwamba mwaka 1921, mjini Toronto nchini Kanada, daktari aliyeitwa Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best walifaulu kutoa katika kongosho la mbwa maji yenye uwezo wa kushusha sukari. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa wa namna ile alikuwa akinyimwa chakula ili aongezewe siku chache, kisha akafa. Mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kudungwa dawa ile.

"Akapona?" aliuliza binti.

"Hakupona, lakini aliishi miaka 13 zaidi, kwa dawa ya siku zile ambayo haikuwa safi kama yako. Wewe una dawa bora kuliko yake, na una mashine ya kupimia ambayo yeye hakuwa nayo."

Sista akaongeza kwamba Banting alikuwa daktari wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, akajeruhiwa nchini Ufaransa mwaka 1918, akapewa nishani ya ushujaa. Na kwamba siku aliyozaliwa, tarehe 14 Novemba, ndiyo dunia nzima huadhimisha Siku ya Kisukari. Mzee alijinyoosha mgongo aliposikia hayo. "Nilijua tu," alisema. "Kazi kama hiyo lazima ilifanywa na askari."

Jumanne hiyo hiyo Sajini alitoka ndani na vidonge vipya. Mama aliomba kuviona, akalisoma jina lake: glibenklamidi.

"Hivi navijua," alisema, na sauti yake ikashuka. "Mwambie mama yako, akimeza hiki lazima ale. Kikikuta tumbo tupu hushusha sukari mpaka mtu akatokwa na jasho baridi, akatetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka kama mlevi. Nami nilipata kuangushwa nacho sokoni, watu wakasema nimekunywa ajono." Kisha akatoa kikapuni kifurushi kidogo cha karatasi chenye vijiko vinne vya sukari. "Mpelekee hiki. Akae nacho mfukoni mchana na usiku. Huu ndio utamu peke yake ambao Sista hatatugombeza."

Sajini alikipokea, akakitia mfukoni, akasema kwamba mama yake angeshukuru.

Hazikupita siku kumi. Usiku huo Sajini alikuwa na lindo kwenye ghala ya silaha, pamoja na konstebo mwanamke aliyekuwa mgeni kambini. Alimeza kidonge cha jioni akitazamia kula, lakini aliitwa mapema kushika zamu ya mwenzake aliyechelewa, na chakula kikabaki mezani. Ilipofika saa nne usiku alihisi njaa kali, akaidharau. Kisha shati likalowa jasho, nao upepo wa mlimani ulikuwa ukivuma. Moyo ulimwenda mbio. Mikono ilitetemeka hata bunduki ikagonga ukuta. Konstebo alipomwuliza kitu, alijibiwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

Wakati huo huo ofisa wa zamu akafika katika ukaguzi wake. Alimwona Sajini akiyumba na bunduki mkononi, na alilolifikiri ndilo ambalo kila ofisa angelifikiri. Alimnyang'anya bunduki. Akaamuru aandikiwe shtaka la ulevi kazini na alazwe mahabusu hadi asubuhi.

"Afande," alisema konstebo, "mbona hanuki pombe?"

Sajini hakuweza kujieleza. Ulimi ulikuwa mzito na akili ilikuwa ikimtoroka. Lakini mkono wake uliupapasa mfuko wa shati, mara moja, mara mbili. Konstebo akaufungua, akakiona kifurushi. Alionja kwa ncha ya ulimi, akakumbuka bibi yake kijijini, aliyekuwa akiwekewa sukari chini ya mto. Kwa kuwa Sajini alikuwa angali macho na aliweza kumeza, alimtilia sukari yote katika kikombe cha maji, akamnywesha kidogo kidogo. Walingoja robo saa. Jasho lilikauka. Sajini aliinua kichwa, akauliza bunduki yake iko wapi. Ndipo konstebo akamtafutia mkate na ndizi, ili sukari isishuke tena.

Ofisa alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali moja: "Nani mwingine katika kambi hii ajua habari hii?"

"Hakuna, Afande."

"Basi ungekufa hapa, nasi tungeandika kwamba ulikufa kwa pombe. Watoto wako wangeisoma karatasi hiyo."

Shtaka halikuandikwa. Sajini aliagizwa alete barua ya daktari. Hakufukuzwa kazi, zamu zake zilipangwa upya ili apate kula kwa saa, na daktari akazibadili dawa zake. Lakini amri iliyomwia ngumu kuliko zote hakupewa na ofisa. Alfajiri ile alirudi nyumbani, akakitoa kiatu cha gwaride chini ya kitanda, akakimimina juu ya meza mbele ya mkewe. Mkewe alivitazama vile vidonge, asiseme kitu. Mwishowe akasema, "Nami nilidhani una mwanamke mwingine." Akaenda kupika chai, na sukari akaiacha kabatini.

Jumanne iliyofuata Sajini alifika katika sare, kofia yake mkononi. Hakuketi mwisho wa benchi. Mzee alimsogezea nafasi katikati, akamwuliza kama desturi:

"Mama hajambo?"

"Mama yangu alifariki mwaka 1998, Mzee. Mgonjwa ni mimi."

Watu wa benchi walitazamana. Mama ndiye aliyeshindwa kujizuia kwanza, na kicheko chake kilifika langoni na kupita. "Pole kwa msiba, Sajini," alisema huku akifuta machozi. "Na sukari yangu je, marehemu aliipata?"

"Aliipata, mama. Ilimfufua."

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Watu wa benchi lile hawakupata kumwambia Sajini methali hiyo, na huenda walifanya vyema, kwani mwenye hofu hatolewi mafichoni kwa kukemewa. Walimwachia mama yake kuwa ngao, wakapitisha chini ya ngao hiyo kila alichohitaji, hadi alipoweza kuiweka chini mwenyewe. Sasa kikosi chake chote chajua kwamba Sajini akianza kutokwa na jasho na kusema ovyo, asisukumwe mahabusu na mtu yeyote. Apewe sukari vijiko vitatu au vinne, kisha chakula. Nao wajua kwamba akiwa amezimia asitiliwe kitu chochote kinywani, bali alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali.

Majuzi alikuja kijana mmoja mwanajeshi, amevaa koti kubwa lisilo lake, akaketi mwisho wa benchi. Alipoulizwa hali, alisema kwamba hakuwa mgonjwa. Alikuja kumchukulia mjomba wake dawa.

Sajini alimtazama kile kidole kilichobanwa pamba. Kisha akajisogeza kando yake, akaingiza mkono katika mfuko wa shati.

"Pole, kijana," alisema. "Mjomba hajambo?"