Mombasa Katika Vitabu

Mtu akitaka kuujua mji wa Mombasa, ambao wenyeji wake huuita Mvita, yampasa afanye mambo mawili: autembee kwa miguu, na ausome katika vitabu. Kuutembea si kazi kubwa, kwa maana Mji wa Kale wazungukwa kwa asubuhi moja. Kuusoma ndiko kwenye kazi. Vitabu vyake ni vingi, vya lugha mbalimbali, na kila mwandishi aliuona mji kutoka mahali aliposimama. Aliyepita kwa jahazi aliona bandari. Aliyekuja na mizinga aliona kuta. Aliyezaliwa humo aliona watu.

Katika vitabu vya kale vinavyoutaja mji huu, mashuhuri ni kile cha safari za Ibn Battuta, mwenyeji wa Tanja katika nchi ya Moroko. Alifika mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu, kisha akaendelea kwenda Kilwa. Hata hivyo hakupita amefumba macho. Alisimulia kwamba watu walikula ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kutoka nje ya kisiwa. Kwamba misikiti ilijengwa kwa mbao kwa ustadi. Na kwamba penye mlango wa msikiti palikuwa na kisima, ambapo mtu alinawa miguu yake na kuipangusa mkekani kabla ya kuingia. Maneno hayo ni machache, lakini tabia ya watu yaonekana ndani yake.

Baadaye vilikuja vitabu vya vita. Mwaka 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuteka mji, wakaupora na kuutia moto. Mwaka 1593 walianza kuijenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati, na mwaka 1698 Waarabu wa Oman wakaitwaa baada ya kuizingira zaidi ya miaka miwili. Habari hizo zilielezwa na Mjerumani Justus Strandes katika kitabu cha mwaka 1899, kisha na Charles Boxer na Carlos de Azevedo mwaka 1960. Ni vitabu vya maana, wala haifai kuvidharau. Walakini vimetegemea zaidi barua na taarifa za Wareno wenyewe, na karani wa jeshi huandika idadi ya mizinga na mapipa ya baruti. Mambo ya nyumbani mwa watu hayamo daftarini mwake.

Atafutaye moyo wa mji na ashike diwani ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840. Muyaka aliishi zama za utawala wa Mazrui, walipokuwa wakishindana na Seyyid Said, mpaka Said akautwaa mji mwaka 1837. Alitunga juu ya vita hivyo, na kadhalika alitunga juu ya mapenzi, umaskini na urafiki. Jambo la ajabu ni jinsi mashairi yake yalivyopona. Miaka mingi baada ya kufa kwake yalikuwa yangali vinywani mwa watu. Ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, akayakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari wa Kiingereza William Taylor. Hata hivyo diwani haikupigwa chapa mpaka mwaka 1940, kwa kazi ya William Hichens, tena huko Johannesburg. Kama Mwalimu Sikujua angaliona uvivu kushika kalamu, huenda leo Muyaka angalikuwa jina tupu.

Wenyeji wengine nao waliandika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake uliotawala. Alifariki mwaka 1947, na kitabu chake, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, hakikutolewa mpaka mwaka 1995. Mbarak Ali Hinawy, Liwali wa Pwani, alitoa mwaka 1950 kitabu juu ya al-Akida, yule aliyeasi ndani ya Ngome hata manowari za Kiingereza zikaipiga mizinga mwaka 1875. Hinawy alifanya busara kutia humo nyimbo na mashairi ya wakati ule. Naye Hyder Kindy alitoa mwaka 1972 kumbukumbu za maisha na siasa za mji, na humo msomaji huona jinsi watu wa Thenashara Taifa walivyogombania haki zao mbele ya serikali ya kikoloni.

Wanawake walikawia kusikiwa. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliandika masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, yakatolewa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Mmoja, Bi Kaje wa Mwenye Matano, alitoka katika ukoo wa waungwana. Mwingine, Mishi wa Abdala, alikuwa wa kizazi cha watumwa. Arusi, ngoma za lelemama na mambo ya utumwa, ambayo wenye mizinga hawakuyaona, yamo humo.

Pengo lingaliko. Watu wa bara waliokwenda kupakua meli Kilindini na kufanya kazi katika reli nao ni sehemu ya mji. Mgomo wao mkubwa wa Januari 1947 umeelezwa na wataalamu, hasa Frederick Cooper mwaka 1987. Lakini wachukuzi walioacha maandishi yao wenyewe ni haba. Wengi wao walirudi makwao, wakazeeka shambani, na habari zao wakazikwa nazo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo huambiwa mwenye duka, lakini lafaa vilevile kwa mji, na kwa kijiji pia. Mwenye babu aliyefanya kazi bandarini, au bibi akumbukaye nyimbo za arusi za zamani, na anunue daftari moja la shule, aketi naye jioni, aandike jina, mahali na mwaka. Mwalimu Sikujua hakufanya zaidi ya hayo, na kwa ajili yake Muyaka angali anasema.