Jua la Malinyi na Betri Zilizokufa

Nimevuka Daraja la Magufuli asubuhi, jua likiwa bado jepesi. Ni mita 384 za zege juu ya Mto Kilombero. Kabla ya daraja hili hapa palikuwa na kivuko, na mto ukifurika, msafiri wa Malinyi alikaa ng'ambo akisubiri. Leo basi halipunguzi hata mwendo. Chini, mitumbwi imefungwa kwenye matete, na maji ya kahawia yanateremka polepole kuelekea Rufiji.

Maji hayo yana kazi kubwa mbele yake. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka bonde hili, na huko chini yanakutana na Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Katika miinuko ya Udzungwa, Mto Kihansi hushushwa mamia ya mita hadi kwenye mitambo ya megawati 180, kisha huingia Kilombero. Kidatu, mlangoni mwa bonde, Ruaha Mkuu imetoa umeme tangu 1975. Taa nyingi za mijini zinawaka kwa maji ya upande huu.

Lupiro njia inagawanyika. Kushoto ni mlima wa Mahenge, lilikokuwa boma la Wajerumani lililoshambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji tarehe 30 Agosti 1905, wakaanguka wengi mbele ya bunduki za rasharasha. Tangu enzi hizo, "kwenda bomani" ni kwenda kwenye shida ya serikali: kodi, kesi, kibali. Sisi tunashika kulia, Itete, Mtimbira, mashamba ya mpunga hadi macho yanapogota, makundi ya ng'ombe wa Wasukuma, na nguzo za umeme zinazotufuata.

Nafika Malinyi saa saba na kwenda kwenye ofisi moja kongwe ya serikali. Nje joto linabana kifua. Nikivuka kizingiti napata nafuu. Kuta ni nene, dari iko juu, madirisha yanatazamana, na baraza pana linazuia jua lisiguse ukuta. Fundi wake hakutegemea feni. Aliutega upepo na kivuli, na kazi yake bado inawapoza watu. Nyumba ya namna hii haihitaji umeme mwingi: taa chache, kompyuta, printa, basi.

Na umeme huo upo juu ya paa. Paneli nne za sola zimefungwa kwenye bati kuukuu, zimeelekezwa kaskazini kama inavyotakiwa huku kusini mwa ikweta. Kwenye benchi barazani, mama mwenye mtoto mgongoni anasubiri karatasi yake ichapwe. Ghafla printa inanyamaza. Umeme wa gridi umekatika. Nangoja sola ipokee kazi. Haipokei.

"Shikamoo mzee," namsalimu mlinzi.

"Marahaba, mwanangu."

"Hii sola haifanyi kazi?"

"Jua lipo, mwanangu. Betri ndizo zilizokufa."

Ananionyesha chumba cha nyuma. Betri za maji zimepangwa sakafuni, vichwa vyake vimeota ukungu mweupe, na ndani zimekauka. Betri za aina hii, zikitunzwa vizuri, hudumu miaka mitatu hadi mitano; katika joto la bonde bila kuongezewa maji, hufa mapema zaidi. Paneli zinaweza kufanya kazi zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo anayenunua paneli leo ajue kwamba atanunua betri mara kadhaa kabla paneli hazijachoka. Hapa betri zilinunuliwa mara moja tu. Hakuna aliyekabidhiwa daftari la kuzikagua, wala fungu la kuzibadilisha.

Nimekaa na mama yule barazani, tukisikiliza kompyuta isiyosema. Jua limejaa juu ya paa, na maji ya bonde la mama huyu yanawasha miji asiyoijua. Kinachomchelewesha ni gharama ndogo ambayo hakuna aliyeiandika.

Mtambo wa sola ni kama shamba la mpunga: kupanda ni siku chache, kupalilia ndiko kunakoleta mavuno. Majengo yetu ya zamani yanafaa mno kwa umeme wa jua, kwa kuwa yalijengwa kutumia nguvu kidogo. Tusiyabomoe, na tusiyapachike paneli bila kwanza kukagua mbao za paa zilizoliwa na mchwa. Zaidi ya yote, nawaomba madiwani na wakurugenzi wanaoketi kupanga bajeti za halmashauri: kila panapoandikwa "paneli", liandikwe pia fungu la betri kila mwaka, na jina la mtu wa kuzitunza. Mwananchi aliyetoka Mtimbira asubuhi asirudi mikono mitupu kwa ajili ya betri iliyokauka.