Kopo, Simu na Mkono wa Shoto

Miaka ya tisini, mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliyekwama kwenye swali la fizikia jijini Dar es Salaam hakuwa na milango mingi ya kubisha. Mwalimu wa darasani alikuwa na vipindi lukuki, na ukimkuta ofisini ujue umeamka vizuri. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Nelkon na Parker, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1958, kinene cha kutisha. Shuleni kwetu nakala zilizokuwepo zilishanyofolewa kurasa zenye mifano iliyokokotolewa, yaani zile hasa ulizokuwa ukizifuata. Jumamosi tulikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wengi tulifuata kiti na utulivu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wadogo zetu na mgao wa umeme.

Jioni kulikuwa na twisheni. Ticha alijua kupiga pindi, na hilo simnyimi. Alikuwa na chaki mfuko mzima na sauti ya kufika benchi la nyuma. Lakini fizikia yake ilikuwa ya dozi: ukiona waya mrefu ulionyooka, meza fomula hii, ukiona koili, meza ile. Nguvu za sumaku tulizikariri bila kushika hata kipande kimoja cha sumaku. Mtihani wa majaribio ulipouliza jambo kwa kulizungusha kidogo, benchi zima lilikuwa likitazamana.

Msaada wa kweli niliupata uani. Mtaani kwetu alikuwapo kaka mmoja aliyekuwa akisoma chuo kikuu, Mlimani, na likizo alikuwa hana kazi kubwa zaidi ya kunywa chai na kubishana mpira. Siku moja nilimpelekea swali la giligili: chombo kimejaa maji, kina matundu matatu ubavuni, moja juu, moja katikati, moja chini. Maji ya tundu lipi yataruka mbali zaidi? Nikamwonyesha na mchoro niliounakili kwenye madesa ya twisheni, ambao ulionyesha la chini likishinda, eti kwa kuwa huko ndiko kwenye presha kubwa.

“Mdogo wangu, leta kopo,” akasema.

Nikaleta kopo la maziwa ya unga, refu kama sentimita 20. Alilitoboa kwa msumari: tundu moja sentimita tano kutoka juu, la pili katikati kabisa, la tatu sentimita tano kutoka chini. Akaliweka chini kwenye sakafu ya saruji, akanipa kazi ya kumimina maji ili kopo libaki limejaa pomoni. La katikati ndilo lililoruka mbali. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba la juu na la chini yaliangukia karibu mahali pamoja.

“Maji hayajasoma madesa yako,” akacheka, kisha akachukua kijiti akaanza kuandika mchangani. Kasi ya maji yanapotoka ni kipeuo cha pili cha 2gh, ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia na h ni kina cha tundu kutoka usawa wa maji. Kwa hiyo tundu la chini kweli lina kasi kubwa, ila maji yake yanagonga sakafu kabla hayajapata muda wa kwenda popote. La juu lina muda wa kutosha lakini halina kasi. Ukizidisha kasi kwa muda wa kuanguka, g inajifuta yenyewe, na jibu linategemea tu kina cha tundu na urefu wake kutoka chini. Kwa matundu ya juu na ya chini, hesabu ikaleta sentimita 17 na ushee yote mawili. La katikati sentimita 20. Kisha akaniuliza ingekuwaje kopo lingewekwa juu ya meza. Hakunipa jibu, akarudi kwenye mpira wake.

Malipo yalikuwa chapati mbili, na sharti kwamba mwingine akija kuniuliza nisimfukuze. Sharti hilo ndilo limenifanya niyaone mabadiliko yote yaliyofuata, maana wadogo zangu, kisha watoto wa dada zangu, waliletwa kwangu mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza walikuja na karatasi. Kebo ya SEACOM ilipotua Dar mwaka 2009 na mtandao ukaanza kuwa na maana, wakaja wakiwa wameshatazama video. Baadhi yao walimjua Walter Lewin wa MIT kuliko walivyomjua mwalimu wao. Yakafuata makundi ya WhatsApp. Saa nne usiku mtu anarusha picha ya swali: “Wakuu, naombeni msaada.” Mmoja anajibu “0.4” bila njia wala kizio, mwingine anatuma ukurasa mzima uliopigwa picha gizani, wa tatu anatuma kichekesho. Hapo, kusema kweli, tulirudi nyuma.

Sasa ni akili mnemba. Mpwa wangu wa kidato cha sita hukaa nayo likizo, kwa kuwa shuleni kwao simu ni marufuku. Nilikwenda nikiwa na dhana mbaya, nikakuta maelezo ya Bernoulli yaliyonyooka kuliko ya ticha wetu. Alipouliza kwa nini presha hupungua bomba linapokuwa jembamba wakati yeye alitarajia iongezeke, ilimjibu kwa subira, bila kumwonyesha kwamba swali lake ni la kijinga. Kwetu sisi swali kama hilo lilikuwa la kuchekwa darasa zima, na wengi walinyamaza nalo hadi mtihani.

Sumaku ndiyo iliyomsumbua. Waya wa nusu mita unabeba ampea 4 kwenda mashariki, ndani ya uga wa sumaku wa tesla 0.2 unaoelekea kaskazini; tafuta kani na mwelekeo wake. Kani aliipata, newton 0.4. Mwelekeo akaandika chini, wakati simu ilisema juu, na maswali yote ya aina hiyo yalimgeuka vivyo hivyo.

“Mjomba, kanuni ya Fleming nimeisoma mpaka basi.”

Nikamwambia afanye tena nikimtazama. Mpwa wangu ni wa shoto. Kalamu ilikuwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole alivyovinyoosha, kimoja uga, kingine mkondo, gumba kani, vilikuwa vya mkono wa kulia. Simu ilikuwa imemwelekeza vizuri kabisa, tena imeandika wazi mkono wa kushoto. Haikuwa imeuona mkono wake.

Siku hizi huja na wenzake wawili. Maswali ya giligili wanakuwa wameshayamaliza huko huko kwenye simu, nami naishia kuwauliza lile la kopo juu ya meza. Ya sumaku tunaweka kalamu chini kwanza, kisha tunabishana.