Vidonge na Mazungumzo

Hapa kwetu Masako, kwenye njia ya zamani ya Buta, mtu akipatwa na ugonjwa wa akili swali huwa ni moja: apelekwe kwa mwenye vidonge, au kwa mwenye maneno? Wengine husema, "Ni ugonjwa wa kichwa, apigwe sindano, yatosha." Wengine husema, "Vidonge ni vya malaria. Huyu ana jambo moyoni, aketi na wazee aseme." Kila upande huvuta kamba kwake, na mgonjwa yu katikati. Mimi ni mwalimu wa shule, si munganga. Lakini huu ni mwaka wa nne naishi na mdogo wangu aliyepatwa na ugonjwa huo, nami naona swali lenyewe linaulizwa vibaya. Yeye ameniruhusu kuandika habari hizi, mradi nisitaje jina lake.

Mdogo wangu alikuwa mchukuzi wa makala. Alipakia magunia juu ya baiskeli na kuyapeleka Kisangani sokoni, kilometa 14 hivi. Ugonjwa ulianza kwa kukosa usingizi. Kisha akasikia sauti za watu wasioonekana, zikimwita kwa jina na kumtukana. Akakataa chakula cha mama, hata lituma anayoipenda sana, akisema kimetiwa sumu. Watu wa ukoo walimpeleka katika chumba kimoja cha sala mjini. Huko alifungwa mnyororo mguuni majuma matatu, akanyimwa chakula ili pepo atoke. Alirudi amekonda, ana kidonda mguuni, na sauti zake zote zimerudi pamoja naye. Nyumbani nasi tulisali, tena kila jioni. Lakini sijapata kuelewa ni sala gani inayohitaji kufuli.

Mtu asidhani kwamba minyororo ni jambo la Afrika peke yake. Mjini Gent, Ubelgiji, wagonjwa wa akili walifungwa katika vyumba vya chini vya ngome ya kale, mpaka Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa na Padre Petrus Jozef Triest mwaka 1807, walipoanza kuwatunza mwaka 1815. Mabruda hao hao wanatunza wagonjwa wa namna hiyo huku kwetu Kongo pia, kama vile Bukavu, katika nyumba ya SOSAME iliyoanzishwa mwaka 1994. Ila kufungua mnyororo ni kazi moja, na kutuliza sauti ni kazi nyingine. Kwa miaka mingi hata waganga wa Ulaya hawakuwa na dawa ya kutuliza sauti hizo. Mwaka 1952 huko Paris, katika hospitali ya Sainte-Anne, waganga Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa dawa iitwayo klopromazini, wakaona watu waliokuwa wakipiga kelele usiku na mchana wakitulia na kuanza kujibu maswali. Mwaka 1958, katika maabara ya Paul Janssen, Ubelgiji, ikapatikana haloperidoli. Ndiyo hiyo aliyopewa mdogo wangu.

Munganga alinieleza hivi jinsi inavyofanya kazi. Ndani ya ubongo, chembe hupelekeana habari kwa maji maji mbalimbali, na mojawapo huitwa dopamini. Katika ugonjwa huu, dopamini huzidi kazi yake mahali fulani pa ubongo. Dawa husimama mlangoni na kuizuia isiingie ovyo. Lakini dopamini hiyo hiyo husaidia viungo vya mwili kwenda sawa, hivyo mlango ukifungwa sana, mikono hutetemeka na shingo hukakamaa.

Katika mwezi wa kwanza sauti zilipungua, kama redio inayopelekwa mbali kidogo kidogo. Tulifurahi mno. Mwezi wa tatu akaacha vidonge kimya kimya, akawa anavitupa nyuma ya choo. Kabla mwezi haujaisha sauti zikarudi, na safari hii alikimbilia msituni, ndani ya Hifadhi ya Masako, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani huenda kuchunguza panya na miti. Tulimtafuta siku mbili.

Kwa nini aliacha? Kila mtu alikuwa na jibu lake: mkaidi, mjinga, amelogwa tena. Aliyempa dawa mara ya kwanza, katika dispensari fulani, alikuwa akihesabu vidonge, anavifunga katika karatasi, na kumwita mgonjwa wa pili. Sasa tukampata mwuguzi mwingine, mama mmoja mtu mzima, aliyefundishwa kazi ya wagonjwa wa akili. (Sisi twamwita munganga, naye amechoka kutusahihisha.) Mama huyu hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Baba, kidonge hiki kinakufanyia nini usichokipenda?"

Mdogo wangu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, siwezi kushika baiskeli."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Mikono ilitetemeka, baiskeli ikapinda njiani, makala yakamwagika, watoto wakamcheka. Mtu asiye na shamba la kutosha, akipoteza baiskeli, amepoteza chakula chake. Kwa yeye, kidonge na kazi vilikuwa vitu viwili visivyokaa nyumba moja, akachagua kazi. Mama mwuguzi akapunguza kipimo kwa kushauriana na daktari, akasema kimezwe jioni, akaongeza kidonge kingine cha kuzuia kutetemeka. Baada ya majuma machache alipanda tena baiskeli, kwanza bila mzigo.

Angalieni vizuri hapo. Neno moja liliokoa kidonge. Ila neno hilo lisingefaa kitu siku zile za mnyororo, kwa kuwa mdogo wangu asingelisikia. Sauti nyingine zilikuwa zikisema juu ya sauti yetu.

Kisha likaja jambo ambalo mimi sikulitazamia. Sauti zilipoondoka kabisa, hakufurahi. Alikaa chini ya mti tangu asubuhi, macho chini. Tukasema dawa imemfanya mzito, na kweli dawa hizi huweza kufanya hivyo. Lakini mama mwuguzi aliendelea kuketi naye kila Ijumaa ya pili, saa nzima, bila haraka, na katika mwezi wa tano habari ikatoka.

Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, na mamia ya raia walikufa. Mdogo wangu alikuwa na miaka minane, anakaa Tshopo kwa nyanya. Mimi nilikuwa shuleni Isangi. Walipokimbia mabomu, nyanya alichoka, akaketi kando ya njia, akamwambia mtoto afuate watu wengine. Akafuata. Hatukumwona nyanya tena. Zile sauti zilizomtukana miaka yote zilisema, "Umemwacha." Haloperidoli ilizinyamazisha, lakini jambo lenyewe lilibaki pale pale, na hakuna kidonge kinachoweza kumwambia mtu kwamba mtoto wa miaka minane aliyetii nyanya yake hana deni.

Sisemi kwamba habari ile ndiyo iliyozaa ugonjwa. Mama mwuguzi naye hasemi hivyo. Wako wengi walioona vita wasisikie sauti, na wako wanaosikia sauti wasioona vita.

Tena si kila mgonjwa anahitaji vidonge. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, wataalamu walijaribu katika vijiji 30 kuwatibu watu wenye huzuni nzito kwa mazungumzo tu, vikundi vikikutana kila juma kwa majuma 16. Habari zake zilichapishwa mwaka 2003. Miongoni mwa waliokaa katika vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa kama 6 au 7 kwa mia. Miongoni mwa wasiokuwa na vikundi, karibu 55 kwa mia. Hiyo ilikuwa huzuni, siyo sauti. Mtu asisome habari hii akaenda kumnyang'anya ndugu yake dawa.

Kwetu shida ni nyingine. Waganga wa akili nchini ni wachache mno, na wengi wao wako Kinshasa. Vidonge huisha katika dispensari, nasi hulazimika kuvinunua duka la dawa kwa falanga za makala. Mwezi uliopita tulibaki na vinne.

Sasa mdogo wangu anaomba kipimo kipunguzwe tena. Mama yetu hataki hata kusikia, kwa kuwa anakumbuka zile siku mbili za msituni. Mwuguzi amesema hatakata shauri bila wote wawili kuwapo. Ijumaa ijayo watakwenda pamoja mjini. Mama atapanda toleka, na mdogo wangu amekwisha sema kwamba yeye atakwenda kwa baiskeli yake mwenyewe.