Mwendo wa Saa Mbili na Maiti Anayesubiri

Katika ukatibu wa msikiti hapa Kalinzi, swali linalonifikia mapema kila panapotokea msiba ni hili: je, tumsubiri mtoto aliye Dar es Salaam? Naye mtoto akipigiwa simu hujibu kwa uchungu: "Nisubirini jamani, ndege ni mwendo wa saa mbili tu."

Hasemi uongo. Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere hadi cha Kigoma ni kiasi cha kilomita 1,080 kwa mstari ulionyooka, na ndege ya mapangaboi huzimaliza kwa takriban saa mbili. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina kilomita 1,250 hivi, na safari yake ni ya kulala njiani.

Lakini saa mbili hizo ni za kiwanja hadi kiwanja, na kaburi haliko kiwanjani. Ziko saa za msongamano wa magari mjini, za kuripoti kabla ya ndege kuruka, za kungoja mizigo, na za kupanda kutoka Kigoma mjini hadi huku milimani kwenye mibuni na migomba. Tukijumlisha, hazipungui saba. Na hapo tiketi imepatikana siku ile ile.

Hata jua lina hesabu yake. Saa zetu ni zile zile, ila kwa kuwa tuko magharibi zaidi, jua la Kigoma huzama takriban dakika 38 baada ya la Dar es Salaam. Anayeahidi kufika kabla ya Magharibi na aulizwe: Magharibi ya wapi?

Hesabu hii ina uzito kwetu, kwani Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kuliharakisha jeneza, kama alivyopokea Abu Huraira katika Bukhari na Muslim. Naye Uqba bin Amir amepokea nyakati tatu tulizokatazwa kuzika, mojawapo ni jua linapokuchwa.

Alipofariki baba yangu, mdogo wangu alikuwa Dar es Salaam. Sikumwuliza ndege itaruka saa ngapi. Nilimwuliza atasimama kaburini saa ngapi. Akanyamaza, akahesabu, kisha akasema: "Kaka, mzikeni baba." Alifika kesho yake alasiri, akaswali pale kaburini, jambo lenye asili katika Sunna, kwani Mtume (s.a.w.) alimswalia kaburini aliyekuwa akifagia msikiti wake. Mama alimpokea bila lawama.

Ndugu zangu, swali hilo tuliulize mapema, kwa upole, na jibu lake tulipime pamoja na wafiwa. Mtoto aliye mbali dua yake haihitaji tiketi, wala mlango wa kumswalia mzazi wake haufungwi na udongo. Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia. Amin.