Nilimwita Mwongo kwa Sababu ya Nyangumi

Ndugu wanafunzi wenzangu na wazazi wetu, nasimulia kisa hiki kiwe funzo kwangu kwanza, kisha kwenu.

Sisi wa Mtera tumekulia kando ya bwawa. Mnyama mkubwa wa majini tunayemjua ni kiboko, na kiboko haruki. Basi alipohamia madrasa yetu mwenzetu mmoja kutoka Kizimkazi, Unguja, akatuambia kuwa kwao nyangumi huruka juu ya maji, nilikuwa wa kwanza kucheka. Nikamwita mwongo mbele ya darasa zima. Tangu siku ile hakusimulia tena habari za kwao.

Agosti iliyofuata baba alinichukua kwenye harusi huko huko Kizimkazi. Tuliswali Alfajiri katika msikiti wa kale wa Dimbani, uliojengwa mwaka 500 Hijria (1107), kisha tukapanda mashua. Kwanza tuliona pumzi ikiruka juu kama moshi, maana nyangumi si samaki: huvuta hewa kwa mapafu na hunyonyesha. Ikaonekana nundu, ukainuka mkia, kukawa kimya. Ghafla akachomoka majini, mapezi yake marefu yamekunjuka kama mabawa, akajigeuza na kuanguka ubavu. Kishindo kikatufikia, mashua ikayumba. Baba akasema, "Subhanallah!" Mimi sikuweza kusema kitu. Nilimkumbuka mwenzangu.

Nahodha alitueleza kuwa nyangumi hawa wa nundu hutoka bahari za barafu za kusini, na huwa pwani yetu baina ya Julai na Novemba, wakizaa katika maji ya joto. Mkubwa hufika mita 15 na tani 30, na nguvu ya kujirusha iko mkiani. Wataalamu wanadhani kuruka huko, na kupiga maji kwa mkia na mapezi, ni namna ya kuitana, kwani kishindo husafiri mbali baharini. Watoto wao pengine hucheza tu.

Niliporudi Mtera nilimwomba ustadhi ruhusa, nikasimama mbele ya darasa lile lile, nikamwomba mwenzangu msamaha. Alinisamehe, akauliza, "Alianguka kwa mgongo au kwa ubavu?" Darasa zima likamgeukia, naye akaanza kusimulia.

Ndugu zangu, Suratul Hujurat inatukataza kudharauliana. Usichokiona bwawani kwenu usikiite uongo. Ilimu ya Allah ni pana kuliko macho yetu.

Wabillahi tawfiq.